KUKATWA MAFINDOFINDO: SIKU YA NANE UTAKUWA WAPI?

Ndani ya miezi michache nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti hapa Omurushaka, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Wa kwanza alisema mtoto ana "tonsesi". Wa pili akasema kimeo. Wa tatu akasema vinyama vya kooni, na wa nne akasema tu "mtoto ana koo". Wote walikuwa wameambiwa na mtu fulani kwamba dawa ni kukata. Na wote walitaka kujua kitu kimoja: hiyo operesheni inaua?

Ni nadra sana kuua. Lakini hatari yake haipo pale watu wengi wanapoiogopa, yaani kwenye nusu kaputi na kisu. Kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa hatari kubwa iko wiki moja baadaye, ukiwa umesharudi kijijini, umeshaambiwa pole na majirani, unaanza kula vizuri. Ndiyo maana nimeamua kuandika kirefu. Mimi si daktari. Ila nina mdogo wangu wa kike aliyefanyiwa hii operesheni, nina usiku mmoja ambao sitausahau, na tangu hapo nimesoma sana kuhusu hili jambo.

KWANZA TUSICHANGANYE MAMBO

Chukua kioo na tochi ya simu, fungua mdomo, sema "aaa". Kile kidude kinachoning'inia katikati kama kengele ndicho kimeo. Sasa angalia pembeni, kushoto na kulia, nyuma ya ulimi. Kuna vinundu viwili. Hivyo ndivyo mafindofindo. Kazi yake ni kukamata vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua na kuufundisha mwili kupambana navyo, hasa utotoni. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano ni kawaida kuwa makubwa, na kadiri anavyokua yanasinyaa yenyewe.

Kukata kimeo kwa fundi wa mtaani ni jambo jingine kabisa. Mtoto akikohoa wiki mbili, au akikataa kunyonya, shangazi mmoja atasema ni kimeo kimeshuka, apelekwe kwa mzee fulani. Mzee anakata bila ganzi, kwa wembe au kisu chake, na damu inazuiliwa kwa dawa za majani. Madaktari wa idara ya dharura ya Muhimbili walichapisha utafiti mwaka 2015 kuhusu watoto wanaofikishwa kwao baada ya kukatwa vimeo, na ndani yake kuna magonjwa na vifo. Mtoto anaweza kuvuja damu, kuoza kidonda, kupata pepopunda. Na wembe wa kushirikiana ndani ya mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, sidhani kama nahitaji kuueleza zaidi. Kikohozi cha wiki mbili kinaweza kuwa nimonia au kifua kikuu. Kimeo hakina kosa.

Kwa hiyo kuanzia hapa nikisema kukata, namaanisha operesheni ya hospitali ya kutoa mafindofindo, na daktari wake ni bingwa wa masikio, pua na koo.

NANI ANAHITAJI KWELI?

Hapa ndipo watu wengi wanapotoka patupu, maana wanadhani koo likiuma mara tatu basi tayari.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kilitokana na kazi ya Dk. Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1984. Mtoto awe ameugua mafindofindo mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Na kuugua siyo kukwaruzwa koo. Ni homa, usaha au utando kwenye mafindo, tezi za shingo kuvimba, au kipimo kuonyesha bakteria. Chini ya hapo, faida ya kukata ni ndogo mno ukilinganisha na maumivu yake. Kwa maneno mengine anza kuandika tarehe. Daftari la mazoezi la kurasa 40 linatosha, andika kila mtoto anapougua na dawa aliyopewa. Daktari bingwa akikuuliza "mara ngapi?" usijibu "mara nyingi".

Sababu ya pili ni usingizi, na nadhani hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mtoto anakoroma kama mzee, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde kadhaa anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama, anavuta pumzi, anarudi kukoroma. Asubuhi amechoka, darasani anasinzia, anakojoa kitandani wakati alishaacha, hakui vizuri. Kwa mtoto wa namna hii mafindofindo (na mara nyingi nyama nyingine zilizo nyuma ya pua) ndiyo yameziba njia, na kuyatoa kunaweza kumbadilisha kabisa. Mchukue video kwa simu akiwa amelala, ukamwonyeshe daktari. Inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Tatu, jipu linalotunga pembeni ya findo. Mgonjwa hawezi kufungua mdomo vizuri, anatoa mate, anaongea kama ana tonge la ndizi mdomoni. Hilo ni la kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo likakamuliwe. Likijirudia, kukata kunazungumzwa. Nne, findo la upande mmoja linalokua kubwa kuliko lenzake, hasa kwa mtu mzima. Hilo hukatwa ili likapimwe kama ni saratani.

Nje ya hapo kuwa mgumu kidogo. Mwaka 1934 New York walichukua watoto wa shule 1,000. Zaidi ya 600 walikuwa wameshakatwa tayari. Waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, wakasema karibu nusu yao wanahitaji kukatwa. Wale walioambiwa hawahitaji wakapelekwa kwa madaktari wengine, nao wakasema karibu nusu wanahitaji! Wakarudia mara ya tatu, tena karibu nusu. Yaani ungeendelea hivyo asingebaki mtoto mwenye mafindo mjini. Sicheki madaktari, nasema tu kwamba bila kuhesabu mara alizougua mtoto, uamuzi unakuwa wa kubahatisha.

Kwa watu wazima, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Lancet ulilinganisha watu 453 wenye mafindofindo ya kujirudia, nusu wakapangiwa kukatwa na nusu kusubiri. Ndani ya miaka miwili, waliopangiwa kukatwa waliumwa koo siku 23 na wengine siku 30. Faida ipo. Siyo muujiza. Na kati ya waliokatwa, karibu mmoja kwa kila watano alivuja damu kwa kiasi fulani baadaye.

KABLA YA KISU KUNA PENISILINI

Naomba nieleweke hapa, maana ndipo watu wa huku tunapoumia bila kujua. Mafindofindo mengi yanaletwa na virusi na yanapona yenyewe. Lakini yapo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka, na hayo yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo inakula milango ya moyo. Mtoto anapona koo, miaka inapita, halafu anaanza kuhema akipanda kilima. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hutibu na kupasua wagonjwa wa namna hiyo.

Kinga yake ni penisilini, dozi kamili. Vidonge ni siku 10, au sindano moja ya benzathini. Sisi tunafanya nini? Tunaenda duka la dawa, tunanunua amoksilini ya siku mbili kwa sababu hela ndiyo hiyo, homa ikishuka tunaacha, zilizobaki tunamwekea jirani. Baadaye ikijirudia tunasema dawa hazifanyi kazi, akatwe. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja ambaye "alishindikana kwa dawa" na hajawahi kumaliza dozi hata moja. Kukata mafindo hakuchukui nafasi ya dozi kamili, na mtu aliyekatwa bado anaweza kuumwa koo.

SASA TWENDE KWENYE KUKATA KWENYEWE

Mgonjwa analazwa usingizi kamili. Anawekewa bomba la hewa, mdomo unafunguliwa na kushikiliwa na chuma maalumu, na kazi yote inafanyika kupitia mdomoni. Shingoni hakuna kovu. Inachukua kama nusu saa hadi saa moja. Tofauti kubwa iko kwenye kifaa, na hapa zipo njia mbili kuu: ya baridi na ya moto.

Njia ya baridi ndiyo ya zamani. Ni kisu, mkasi na vifaa vya chuma vya kubandulia. Daktari anachana utando, analibandua findo kutoka kwenye kitanda chake, halafu anabana kwa pamba na kufunga mishipa kwa uzi. Damu inatoka zaidi wakati wa kazi na inataka mkono wenye subira. Lakini vyuma vinachemshwa na kutumika tena, na umeme ukikatika mkasi haujali. (Wanaokumbuka miaka Kagera tulipokuwa tunategemea umeme wa kutoka Uganda wananielewa.)

Njia ya moto iliyoenea zaidi inaitwa dayathemi. Ni mashine ya umeme ambayo ncha yake inakata na kuunguza mishipa hapo hapo. Faida zake ni za kweli: damu kidogo mezani na kazi inaisha haraka. Kwa mtoto mdogo, damu kidogo mezani siyo jambo dogo. Ubaya ni kwamba joto linaunguza na nyama ya jirani, maumivu baadaye yanakuwa makali zaidi, na kidonda kinapona kwa kuvua gamba la nyama iliyoungua. Kuna ndugu yake wa kisasa, koblesheni, anayetumia umeme kupitia maji ya chumvi kwa joto la kati ya nyuzi 40 na 70 hivi. Haunguzi sana, ila ncha zake ni ghali na zimetengenezwa kutumika kwa mgonjwa mmoja.

Sasa sikiliza walichokuta Waingereza. Kati ya Julai 2003 na Septemba 2004 walifuatilia wagonjwa 33,921 waliokatwa mafindofindo England na Ireland ya Kaskazini. Kwa ujumla asilimia 3.5 walivuja damu baada ya operesheni, na asilimia 0.9 ilibidi warudishwe chumba cha upasuaji. Lakini walipotenganisha kwa njia, wale waliofanyiwa kila kitu kwa moto, dayathemi au koblesheni, hatari yao ya kuvuja ilikuwa kama mara tatu ya wale waliokatwa kwa chuma baridi bila moto wowote. Mwaka 2005 taasisi yao ya kutoa miongozo, NICE, ikawataka madaktari wapunguze kutumia moto bila sababu na wafundishwe vizuri kabla ya kuushika.

Kisa chenyewe kilianza kiajabu. Januari 2001 Waingereza waliogopa ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na ng'ombe, kwamba unaweza kubaki kwenye vyuma hata vikichemshwa. Wakaamuru vifaa vya kutupa. Vifaa vile vikaleta balaa, kuvuja damu kukaongezeka, na Desemba mwaka huo huo wakaruhusu vyuma vya zamani kurudi. Kwa hiyo ukiona hospitali inatumia vyuma vya kuchemsha usiidharau. Chuma kilichochemshwa vizuri mikononi mwa mtu aliyezoea ni tiba nzuri tu.

Je, nikwambie ukatae dayathemi? Hapana. Daktari atumie njia anayoijua vizuri, maana mkono uliozoea unashinda mashine mpya. Na wengi wanachanganya, wanabandua kwa baridi halafu wanagusa moto kidogo kuzuia damu. Ninachosema ni hiki: faida ya moto anaiona daktari siku ile ile mezani, na hatari yake unaiona wewe, nyumbani kwako, siku daktari hayupo. Muulize tu: "Daktari, mnakata kwa njia gani?" Ni haki yako na hatakasirika.

SIKU YA TANO HADI YA KUMI

Damu inaweza kutoka nyakati mbili. Ya kwanza ni ndani ya saa 24, na hapo mgonjwa bado yuko wodini, wataiona. Ya pili ndiyo mwenye mchezo. Baada ya operesheni sehemu iliyokatwa inafunikwa na utando mweupe. (Siyo usaha! Usikwangue, usimwache bibi asugue kwa chumvi.) Utando ule ni kama gamba la kidonda. Kati ya siku ya tano na ya kumi unabanduka, na chini yake mshipa unaweza kufunguka.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 6 na kilo 19. Alikatwa Jumatatu kwenye hospitali moja ya mbali na huku, kila kitu kikaenda salama. Ijumaa tukapanda basi na mama kurudi Kyerwa. Karatasi ya ruhusa iliandikwa kwa Kiingereza, foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyetusomea. Mama akajua kazi imeisha. Jumanne iliyofuata, siku ya nane, mtoto alikula ndizi vizuri akalala. Usiku mvua inanyesha, mama akasikia anameza mate, anameza, anameza. Akadhani anaota. Baadaye akaamka akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, halafu damu mbichi.

Hesabu ndogo. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo moja. Kilo 19 ni lita moja na nusu, yaani ile chupa kubwa ya maji ya dukani, basi. Mtu mzima akipoteza glasi moja kwa kawaida anastahimili. Mtoto akipoteza glasi moja ni sehemu kubwa ya alichonacho. Na kwa kuwa anaimeza, wewe huioni.

Bodaboda wa kwanza alikataa kwa sababu ya matope. Wa pili alikuja. Baba alimshika mtoto akiwa ameinama mbele, tukafika hospitali ya karibu saa tisa usiku. Akawekewa dripu, akaongezewa damu chupa moja, na daktari wa zamu alikaa naye hadi alfajiri. Alipona. Ila yule daktari alituambia neno moja: mngesubiri kupambazuke ili mpande basi mrudi kule alikokatwa, mngefika na maiti.

Ndiyo maana zile takwimu za nje huwa nazisoma kwa tahadhari. Marekani makadirio ya zamani yanayotajwa ni kifo kimoja kati ya operesheni 16,000 hadi 35,000. Lakini huko watu wengi wako karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Bugando, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, iko Mwanza, safari ya kuondoka alfajiri kupitia Biharamulo na Geita. Ni kweli tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, lakini bado ni mbali. Wapo wa Kyerwa wanaovuka Murongo kwenda Mbarara, Uganda, na wao pia wana mpaka wa kuvuka usiku wa manane ikitokea shida.

KWA HIYO UFANYEJE?

Kama uko Karagwe anza na Nyakahanga, na kama uko Kyerwa (wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012) anza na Isingiro au kituo chako cha afya. Wakuone, wakuandikie rufaa. Usiondoke tu na begi kwenda Mwanza kwa sababu jirani alienda. Mabingwa wa koo hawako kila hospitali, na rufaa inakuepusha kufika ukaambiwa rudi wiki ijayo.

Ukifika, sema kila kitu. Kama kwenye ukoo kuna selimundu, sema, na omba mtoto apimwe kabla ya nusu kaputi. Kanda ya Ziwa ugonjwa huu upo kwa wingi na unabadilisha maandalizi yote. Kama mtoto aliwahi kutokwa damu sana aking'oa jino au akitahiriwa, sema. Kama anatumia dawa za kienyeji, sema hata kama unaona aibu. Jino linalolegea, sema, lisije likaangukia kwenye njia ya hewa. Na uliza kuhusu damu: ipo? Ndugu wachangie kabla?

Halafu pangilia makazi. Hili ndilo ningeliweka juu ya yote. Kama una ndugu Bukoba au Mwanza anayeweza kukupokea, kaa kwake hadi siku ya kumi ipite. Najua ni gharama. Najua mwezi wa kahawa huwezi kuacha shamba. Basi kama ni lazima urudi, jua hospitali gani ya karibu inaongeza damu, ongea na bodaboda mmoja mapema, lipa hata nusu, weka namba yake kwenye simu mbili. Karatasi ya ruhusa isomwe kwa Kiswahili mbele yako. Mwambie muuguzi, "Dada, naomba unisomee." Atasoma.

Ikitokea damu mbichi, hata kijiko kimoja: mkalishe, ameinama mbele, ateme asimeze. Maji ya baridi anaweza kusukutua. Usimlaze chali. Usimpe chakula, huenda akahitaji nusu kaputi tena. Mpeleke hospitali ya karibu kabisa, siyo ile iliyomkata. Hata damu ikiacha njiani, endelea na safari, kwa sababu inaweza kuwa ni onyo tu. Na mtoto akilala huku anameza meza bila sababu, washa tochi uangalie.

Mengine ni ya kawaida hata kama yanatisha. Maumivu hupanda siku ya tatu hadi ya tano, usidhani mambo yameharibika. Masikio yatauma, ni kwa sababu mshipa wa fahamu wa kooni na wa sikioni ni wa familia moja. Mdomo utanuka. Homa ndogo siku ya kwanza ipo, ila ikizidi au ikiendelea rudi hospitali. Paracetamol apewe kwa saa, asisubiri alie. Ibuprofeni ni kwa maelekezo ya daktari. Asipirini hapana, inafanya damu isigande. Na dawa ya kodeini asipewe mtoto: mwaka 2013 Marekani waliipiga marufuku kwa watoto waliokatwa mafindofindo, maana kuna watoto ambao miili yao inaigeuza kuwa mofini haraka mno wakaacha kupumua.

Kuna anayeuliza: akikatwa kinga haipungui? Mwili una tezi nyingine nyingi za kazi hiyo hiyo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto karibu milioni 1.2 wa Denmark, ukaonyesha waliokatwa wadogo walipata magonjwa ya njia ya hewa zaidi ukubwani. Wataalamu wengine wakapinga, kwamba huenda watoto hao walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Mimi nauona kama sababu ya kutokata ovyo, siyo sababu ya kumnyima mtoto anayekosa pumzi usiku.

Chakula: anywe sana, hata kama analia. Koo kavu linauma zaidi. Uji uliopoa, maziwa, ndizi zilizopondwa, supu isiyo ya moto. Akiweza kula chakula cha kawaida mwache ale, kutafuna kunasaidia. Wakubwa, rubisi na konyagi vikae pembeni wiki mbili. Shuleni arudi baada ya wiki mbili hivi, na mpira na kubeba ndoo za maji visubiri pia. Vitu vikavu vya kukwaruza navyo visubiri. Mdogo wangu alikatwa mwezi wa kumi na moja, msimu wenyewe wa senene, nyumba nzima inanukia senene wa kukaanga na yeye kapewa uji. Usiku ule wa damu haukumbuki hata kidogo. Senene anawakumbuka hadi leo.